Mkono Usiouma

Sindano ilikuwa fupi kuliko kucha ya kidole gumba, na hakuna mtu aliyeishika. Ilishuka yenyewe kutoka kwenye mkono wa chuma uliokuwa umening'inia darini, ikazungukazunguka juu ya kiwiko cha Melkiori Ndahani kama nyuki anayechagua ua, ikaingia, ikatoka. Kwenye kioo cha ukutani waliokuwamo chumbani waliziona chembefundi zikimwagika ndani ya nyama. Zilikuwa mashine ndogo mno, maelfu kwa maelfu katika tone moja, na kila moja ilikuwa ikiogelea kuifuata kano iliyochanika.

"Subiri kidogo," alisema Daktari Skolastika Chilongani. "Zinajipanga."

Melkiori alisubiri. Asubuhi ile mkewe ndiye aliyemfunga vifungo vya shati, kwa sababu yeye hata kikombe cha chai hakuweza kukiinua bila kuuma meno. Daktari akampa taulo lililolowa maji na kumwambia alikamue. Alilishika kwa woga, akalinyonga. Maji yakachuruzika sakafuni. Akalinyonga tena, safari hii kwa nguvu zake zote, kisha akageuka kumtazama mkewe kwa uso wa mtu aliyefunguliwa pingu.

"Hono! Hakuna kitu! Panya kaondoka!"

Honorata alicheka kwa ajili yake. Halafu akakitazama kiwiko chake mwenyewe, kilichokuwa kimevikwa kitambaa kinene cha kijivu chenye nyaya ndani yake. Kitambaa hicho waliita ukandawimbi. Kilikuwa kikivuma polepole kama jokofu kuukuu, na chini yake maumivu yalikuwa palepale.

Mume na mke hao walifanya kazi Ukumbi wa Mikono, nje kidogo ya Dodoma, mahali ambapo zamani palikuwa mashamba ya zabibu. Katika miaka hiyo madini mengi ya thamani yalichimbwa mwezini. Kule ilisimama mitambo mirefu yenye mikono miwili miwili, na kila mkono ulikuwa na mwenzake Dodoma, glavu ya chuma iliyovaliwa na mtu kuanzia vidoleni hadi begani. Glavu hiyo ndiyo mkonopacha. Mtu akikunja kiganja hapa, chuma kirefu kama nyumba ya ghorofa kilikunja kiganja kule. Mashine zenye akili zilikuwa zimejaribiwa kwanza kuifanya kazi hiyo zenyewe, lakini katika vumbi na vivuli vikali vya mwezini zilichanganya jiwe na shimo, na hasara ikawa kubwa. Ikabidi mkono wa binadamu urudishwe kazini.

Na ili mtu ajue ameshika nini, mkonopacha ulitengenezwa umsukume. Lililo zito kule lilikuwa zito na huku. Hapo ndipo ugonjwa ulipopatia mlango. Mtu akishashika na kunyonga, kushika na kunyonga, msimu baada ya msimu, kano inayofunga misuli ya kigasha kwenye mfupa wa nje wa kiwiko huanza kufumuka kama kamba ya katani. Madaktari waliuita kiwiko cha tenisi, jina la zamani lililotokana na wacheza mpira wa raketi, ingawa Ukumbini hapakuwa na mtu aliyewahi kuishika raketi maishani mwake. Wafanyakazi wenyewe waliuita panya, maana unatafuna usiku na mchana.

Panya alipowaingia karibu nusu ya wafanyakazi, Shirika lenye Ukumbi lilimwomba Daktari Skolastika alinganishe tiba mbili. Kompyuta ndiyo iliyopiga kura, nani apate ipi. Melkiori akaangukia sindano, Honorata ukanda.

"Huu hauingii mwilini," daktari alikuwa amemweleza Honorata siku ya kwanza. "Unapeleka mawimbi ya sauti yanayoigutusha kano ianze kujijenga yenyewe. Na kuna mazoezi, kila siku. Sitakudanganya, mama, ni njia ndefu, na mazoezi yanauma."

"Na sindano?"

"Chembefundi zinafanya kazi mbili. Zinashona kano, na zinanyamazisha mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu kwenye ubongo. Kushona kunakwenda taratibu. Kunyamazisha ni papo hapo."

"Basi sindano ndiyo bora. Kuna la kulinganisha hapo?"

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, mzito wa kujibu. "Enzi za babu zetu watu wenye kiwiko hiki walidungwa dawa ya kupunguza uvimbe," alisema. "Maumivu yakaisha kwa wiki kadhaa, wakashukuru. Baadaye yakarudi, na wengi wao wakawa na hali mbaya kuliko wenzao waliofanya mazoezi na kungoja. Leo dawa ni nyingine. Lakini mwili ni uleule."

Maneno hayo Honorata aliyasikia, ila hayakumwingia. Kilichomwingia ni lile taulo.

Wiki zilizofuata zilikuwa za Melkiori. Alirudi kazini kesho yake. Msimamizi wao, Bwana Nyaulingo, alimpa zamu ya pili juu ya ile ya kwanza, naye akaipokea kwa mikono miwili. Alinyanyua mawe ambayo wenzake waliyaogopa. Mstari wake, yaani kundi la waongozaji aliofanya nao kazi, ukawa wa kwanza Ukumbini, na ikaanza kusemwa kwamba mwisho wa msimu atafanywa kiongozi wa mstari. Alikuja nyumbani akiimba, akambeba binti yao Tumsifu mabegani akazunguka naye uani.

Honorata aliondolewa kwenye mkonopacha akawekwa kwenye meza ya sauti. Kazi yake ilikuwa kupitisha maneno kati ya waongozaji wa Ukumbini na mafundi wachache walioishi mwezini kukaza na kuzibua yale ambayo mikono mikubwa haikuyaweza. Fundi wa upande wa Melkiori aliitwa Mwanahawa Shemdoe, msichana wa Lushoto. Honorata hakuwahi kumwona ila kwa picha, lakini sauti yake aliijua kuliko za majirani zake.

"Dodoma mvua imenyesha?" Mwanahawa aliuliza kila asubuhi, kabla hata ya salamu.

"Bado, mdogo wangu. Vumbi tupu."

"Basi tuko sawa. Na huku vumbi tupu."

Jioni Honorata alikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba na chupa ya maji mkononi, kiganja kikitazama chini, akaishusha polepole kama alivyofundishwa, akaiinua kwa msaada wa mkono wa pili, akaishusha tena. Kila ikishuka ilikuwa kama mtu anapitisha uzi wa moto ndani ya kiwiko. Siku nyingine alilia. Melkiori alimtazama kutoka mlangoni kwa huruma ya mtu aliyeshiba akimtazama mwenye njaa.

"Kaombe sindano, Mama Tumsifu. Unajitesa bure."

"Kura ilishapigwa."

"Kura ya mashine. Daktari ni mtu. Kamwombe."

Mwishowe alikwenda. Alimkuta Daktari Skolastika peke yake zahanati, amesimama mbele ya kioo chenye picha za viwiko vya watu, mikono nyuma. Honorata akamweleza haja yake bila kuzunguka. Alisema amechoka kuumwa, na amechoka kuonekana mvivu. Alisema mumewe amepona na yeye bado anafungiwa sidiria na mtoto.

"Nikikupa nitakuwa nimeharibu ulinganisho," daktari alijibu. "Lakini si hilo tu." Akakionyesha kioo kwa kidole. "Wale wa ukanda wanapona kama konokono. Wale wa sindano wote wanasema wamepona. Shirika linanihimiza niseme yamekwisha, sindano imeshinda, Ukumbi mzima udungwe. Nami sina cha kuwakatalia nacho ila hofu."

"Hofu ya nini, daktari?"

"Niliagiza chembe zinyamazishe maumivu ya kiwikoni. Sijui kama zinajua kiwiko kinaishia wapi." Akamgeukia. "Mwangalie mumeo. Akijigonga, anashtuka?"

Honorata alirudi nyumbani na swali hilo kama jiwe kwenye kiatu. Alimwangalia Melkiori akila, akioga, akimsuka mtoto. Hakuona kitu. Akaanza kumshuku daktari mwenyewe, kwamba labda ni mtu wa kutafuta kasoro tu.

Kisha ikaja Jumapili. Honorata hakuweza kusonga ugali kwa mkono ule, kwa hiyo Melkiori ndiye aliyeshika mwiko. Alikuwa akisimulia habari za Bwana Nyaulingo, jinsi alivyomwita "mwanangu" mbele ya watu, huku akisonga kwa madoido. Mkono aliodungwa ulikuwa umeishikilia sufuria isizunguke, kigasha kimelala juu ya ukingo wake. Honorata alisikia harufu. Alidhani ugali unaungua. Akasogea, akaona ngozi ya mumewe imeshikana na chuma.

"Melki! Mkono!"

Honorata aliuvuta yeye mwenyewe. Ngozi ilibaki kwenye sufuria. Melkiori aliutazama mkono wake, akaitazama sufuria, na kwa muda akawa kama mtu anayeangalia jambo lililompata mtu mwingine. Kisha akacheka.

"Unaona? Hata sikusikia."

"Unacheka nini? Toka lini husikii?"

Honorata alichukua sindano ya kushonea iliyokuwa kwenye kitambaa dirishani, akamchoma kwenye kidole cha shahada. Hakushtuka. Akamchoma kiganjani. Damu ikatoka na yeye akabaki anaitazama.

"Kesho tunakwenda kwa daktari," Honorata alisema.

Hapo ndipo Melkiori alipoacha kucheka. Alifunga mlango wa jiko ili Tumsifu asisikie, akakaa kwenye kigoda.

"Nikienda wananitoa kwenye mkono," alisema. "Wananiweka mezani kama wewe. Hono, nisikilize. Miaka yote hii nimekuwa nani pale? Namba tu. Sasa najulikana. Niache msimu uishe, wanipe mstari. Siku hiyohiyo nitakwenda kwa daktari kwa miguu yangu, naapa."

"Na mkono ukikatika?"

"Kukatika kwani ni kijiti? Nguvu ninazo. Ninyonge nini nikuonyeshe?"

Honorata alimpaka asali kwenye kidonda na kumfunga kitambaa safi. Alimpenda, na alikuwa amemwona akiinama mbele ya watu kwa muda mrefu. Pia kulikuwa na jambo jingine ambalo hakupenda kuliangalia sana. Kama angekwenda kusema, watu wangesema ni wivu wa mgonjwa kwa aliyepona. Akanyamaza. Daktari alipomwuliza wiki ile kuhusu mumewe, alisema, "Hajambo."

Msimu ulikuwa umekaribia mwisho. Asubuhi moja mstari wa Melkiori ulipewa kazi ya kuinua boriti ya mtambo mpya na kuishikilia wakati fundi akikaza nati chini yake. Sheria ilikuwa moja, tena ya zamani: fundi haingii chini ya kitu mpaka mwongozaji atamke kwamba ameshika.

"Nimeshika," alisema Melkiori.

"Ameshika," Honorata alipitisha.

"Naingia," Mwanahawa alisema. Wakasikia pumzi zake ndani ya kofia, na mlio wa chombo chake cha kukazia. Alikuwa akijiimbia wimbo fulani wa kwao kwa sauti ya puani. Kisha akasema, "Dada, mwambie shemeji ainue kidogo, kidogo tu."

Honorata aligeuka kumwambia. Melkiori alikuwa amesimama mahali pake, uso mtulivu, mkono wa kulia ndani ya chuma. Vidole vyake vilikuwa vimefunguka. Vilining'inia kama nguo kwenye kamba, naye alikuwa akitazama mbele, akiamini kwamba bado vimefumbwa.

"Melki, mkono!" alipiga kelele, kama alivyopiga jikoni.

Alishusha macho akaviona. Alijaribu kuvifumba, na kigasha chake kikajikunja vibaya chini ya ngozi, misuli ikateremka kuelekea kiganjani kama mpira unaoviringika, kwa sababu kano iliyoifunga kiwikoni haikuwapo tena. Ilikuwa imekatika kabisa. Hakusikia hata chembe ya maumivu.

Kwenye meza ya sauti hapakuwa na kitu. Honorata aliita, akaita tena. Sauti ya mwezini huchukua zaidi ya sekunde kufika Dodoma, na amri ya Dodoma huchukua muda uleule kufika mwezini. Baadaye alikuja kulifikiria hilo mara nyingi kuliko alivyotaka. Wakati yeye anaisikia sauti inayoomba boriti iinuliwe, huenda boriti ilikuwa imeshamwangukia mwenye sauti na kumuua.

Uchunguzi ulifanyika hadharani, katika ukumbi mdogo uliojaa watu. Wakili wa Shirika alieleza kwa upole kwamba mitambo haikuwa na hitilafu yoyote. Mwongozaji alisema ameshika, kisha akaachia. Huo ni uzembe wa mtu mmoja, alisema, na sindano haihusiki.

Daktari Skolastika aliitwa. Alieleza kwamba kano ile haikukatika siku moja. Ilikuwa ikichanika kidogo kidogo, na chembefundi zilikuwa zikiishona, lakini mtu asiyeumwa alikuwa akiipasua upesi kuliko zilivyoweza kushona. "Maumivu yangemzuia," alisema. "Tuliyaondoa maumivu tukamwachia kazi."

"Daktari," wakili aliuliza, "kabla ya siku ile kulikuwa na dalili yoyote kwamba amepoteza hisia za mkono?"

"Niliuliza. Sikuambiwa."

Watu walinong'ona. Honorata alikuwa amekaa safu ya pili, kando ya mumewe, ambaye mkono wake ulikuwa kwenye kombeo. Alijua kwamba akikaa kimya, Melkiori atabaki mtu aliyeteleza mara moja, na sindano itaendelea, na Ukumbi mzima utapanga foleni. Akisema, mumewe atakuwa mtu aliyejua. Na yeye pia.

Akasimama.

"Aliungua jikoni," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, wakamtaka aipaze. "Aliungua mkono hadi ngozi ikabaki kwenye sufuria, na hakujua. Nilimchoma sindano kidoleni, hakujua. Alijua kwamba hasikii, na mimi nilijua. Daktari aliniuliza nikamwambia hajambo. Tulinyamaza sote wawili."

Hakumtazama Melkiori aliposema hayo. Alipokaa, aliona kwa pembe ya jicho kwamba ameinamisha kichwa hadi magotini.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Walikuwa wamevuka barabara kubwa kabla Melkiori hajasema neno.

"Ungeniambia kwanza."

"Ungenikataza."

Alitembea hatua kadhaa. "Ningekukataza," alikubali.

Sindano ilifungiwa. Melkiori aliachishwa kazi, na wengine wa kundi lake wakaitwa kupimwa, wakakutwa wengi wao na mikono ambayo haikusikia moto wala baridi. Daktari Skolastika alijaribu kila njia ya kuzitoa zile chembe, akashindwa. Aliwaambia ukweli kwamba huenda zitachakaa zenyewe, huenda hazitachakaa. Kano ya Melkiori ilifungwa upya kwa upasuaji, lakini vidole havikupata tena nguvu ya kushika hata jembe. Kiwiko cha Honorata kilipona. Kilipona kimyakimya, pasipo siku ya kusema ndiyo leo. Hapakuwa na mtu nyumbani wa kumpa habari hiyo kama habari njema.

Mama yake Mwanahawa alikuja kwao mwanzoni mwa kiangazi. Hawakumwalika, na wasingethubutu. Alibisha hodi mchana, mwanamke mfupi wa makamo mwenye kanga mbili na mkoba wa mkeka, akajitaja jina. Honorata alitaka kupiga magoti. Mgeni alimshika bega akamzuia.

"Sikuja kwa ugomvi, mwanangu. Nimekuja kuuliza."

Wakamkaribisha ndani, wakampa kiti na maji. Melkiori alisimama ukutani kama mtu anayesubiri hukumu.

"Wameniambia wewe ndiye uliyemsikia wa mwisho," mama alimwambia Honorata. "Alisema nini?"

Honorata alimwambia yote, bila kupunguza. Alimwambia kuhusu wimbo wa puani, na kuhusu "kidogo, kidogo tu." Mama alitikisa kichwa polepole. Alisema huo wimbo anaujua. Kisha akamwita Melkiori karibu.

"Nipe huo mkono."

Melkiori alipiga magoti mbele yake akautoa. Mama aliushika kwa mikono yake yote miwili, akaugeuza, akalitazama kovu la moto na kovu la kisu cha madaktari. Akabonyeza kiganja kwa kidole gumba, kwa nguvu, mpaka ukucha ukaacha alama.

"Inauma?"

"Hapana, mama."

"Kabisa?"

"Kabisa. Nakuona umenishika. Sikusikii." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Ningependa iume, mama. Wallahi ningependa iume."

Mama hakuuachia mkono ule. Alikaa nao mapajani mwake muda mrefu, kama kitu alichopewa akitunze. Nje Tumsifu na wenzake walikuwa wakicheza rede, na kelele zao ziliingia na kutoka.

"Hiyo sindano," mama akauliza hatimaye, "bado ipo?"

"Imefungiwa, mama," Honorata alijibu. "Hawamdungi mtu tena."

"Wamefanya vyema." Alifuta uso kwa upindo wa kanga. "Lakini ingekuwapo, mwanangu, mimi ningewaomba. Hata leo. Wangenidunga hapa," akagusa kifua chake, "na nisingejali chembe zitaishia wapi."

Honorata alisogeza kiti chake hadi magoti yao yakagusana, akaketi, na watatu hao wakabaki hivyo mpaka saa ya treni ya mgeni ilipokaribia.